Vidole vya Bobini

Tarehe 4 Februari

Kwako dada yangu,

Sijambo, ila vumbi. Vumbi kwenye nywele, vumbi kwenye chai, vumbi hata ndani ya sanduku nililolifunga kwa kufuli. Natumaini wewe na shemeji hamjambo, na goti lako limepatana na zile ngazi. Mwanangu sijui nimsalimu vipi kwa karatasi. Mbusu utosini kwa niaba yangu, kisha mbusu tena, maana la kwanza atalifuta.

Kambi imehama tena. Barabara ikisogea nasi tunasogea, na kila tukihama inanibidi nianze upya kutafuta pa kujenga meko. Wanaume wa huku wanakula kama wanaoshindana. Juzi dereva wa tingatinga kalalamika kwamba kauma jiwe kwenye maharage. Nikamwambia, "Si kazi yako kusaga mawe? Nimekupa mazoezi." Walicheka mpaka msimamizi akaja kutazama kuna nini. Simu huku hakuna. Lori la vyakula ndilo posta yetu, lisipokuja basi dunia yote imenyamaza.

Humo ndani ya bahasha kuna kaseti. Nimejirekodi kwa redio ya karani wa stoo. Nimeimba ule wimbo wa kumlaza, nimemwita jina lake, nimemwambia mama atarudi mkataba ukiisha. Mpigie jioni. Dada, hili ndilo linaloninyima usingizi: nilimwacha hajatembea sawasawa, na mtoto wa umri ule husahau uso upesi. Sauti labda itakaa. Nataka asisahau sauti yangu.

La pili ni ombi. Nilimwahidi bahari. Najua hakuelewa, lakini ahadi ni deni. Mpelekeni siku moja kule kwenye mawe, alikokuwa akitupeleka mama, akaone kaa kwenye vidimbwi. Ila usimwachie mkono. Mawe yale nayajua, yanakata kama wembe, na maji yakianza kurudi hayapigi hodi. Nimekuwa mwoga siku hizi. Tingatinga likizimika ghafla nadhani kuna mtu kafa. Usinicheke.

Mdogo wako, mwenye mikono inayonuka vitunguu.


Tarehe 1 Machi

Mdogo wangu,

Hapa wote wazima. Goti langu na ngazi hawajapatana, lakini wameacha kutukanana. Shemeji yako anakusalimu. Kule kinyozini mkasi wake unakwenda na mdomo wake unakwenda, na mteja hajui kipi kitamkata kwanza.

Tumepata kazi ya sare za shule, kwa hiyo vyerehani havinyamazi toka asubuhi. Chumba unakijua: ukiwa mezani husikii hata jina lako. Bado tunaitana kwa mguu kama enzi zako. Ukitaka uzi au mkasi unakanyaga ubao kwa kisigino, sakafu inatetemeka, wenzako wanainua vichwa. Basi mwanao ndiye fundi wangu hodari. Nikikanyaga tu, yeye kageuka kabla ya wote! Na usingizi wake ni wa ajabu. Namlaza chini ya meza ya kukatia, vyerehani vinaunguruma juu ya kichwa chake, naye anakoroma kama mzee aliyeshiba. Wateja wanauliza nimempa nini. Nawaambia huyu kazaliwa kazini. Mafundi wanamwita Bobini, kwa kuwa ni mviringo kama kile kigurudumu cha uzi cha ndani ya cherehani, na hatulii.

Kaseti imefika. Jioni niliiweka, nikamkalisha mbele ya redio, na picha yako nikaitungua ukutani nikamshikia aione. Mwanzoni alitazama tu. Kisha akaikumbatia redio, akabandika kifua kwenye spika, akaweka na kiganja, akacheka mpaka mate yakamtoka. Wimbo ulipokwisha akaipiga redio kofi, anataka tena. Sasa ni kila jioni, picha na redio. Futa hofu hiyo. Sauti yako anaijua.

Maneno bado. Anasema "ba" na "ma" na makelele yake mwenyewe. Hata wewe ulichelewa, na leo nani anaweza kukunyamazisha? Ukaidi kaurithi kwa marehemu baba yake. Mchezo wake siku hizi ni kukimbizwa. Akikuona tu unamjia mbio, huyoo, hana habari ya ukuta wala meza. Ukitaka mchezo uishe, unakaa chini na kufunika uso kwa mikono. Hapo lazima arudi akubandue vidole, aone kama bado upo.

Baharini tunakwenda Jumapili ijayo, maji yakipwa. Ninamshonea kaptura kwa vipande vya sare.

Mkono naukunja hapa, wateja wamejaa mlangoni.

Dada yako.


Tarehe 27 Machi

Dada,

Salamu zako zimefika, na za shemeji pia, mwambie akae mbali na masikio ya watu. Mimi mzima. Mvua imetuacha, tumeweza kulala pakavu.

Barua yako nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Pale kwenye redio nilipasoma kwa sauti mbele ya karani wa stoo, mtu asiyejua kucheka. Kageuka kando, kajifanya anapanga magunia. Umenitua mzigo, dada. Nilikuwa kila nikipika nasema moyoni, saa hii ananisahau, saa hii ananisahau. Kumbe kila jioni ananikumbatia.

Nimetuma kaseti mbili. Moja nyimbo. Nyingine namsimulia siku yangu, ajue mama yake anaamka vipi, anakorofishana na nani. Mlikwenda baharini? Aliogopa mawimbi au aliyatukana? Kaptura ilimtosha? Niandikie kila kitu, usiniachie hata makombo.

Mdogo wako, leo mwepesi.


Tarehe 24 Aprili

Dada,

Natumaini ni wazima. Lori limekuja jana, dereva kanyoosha mikono mitupu. Nikamwambia atafute tena chini ya kiti. Katafuta. Hakuna.

Najua una kazi ya sare. Najua posta ni posta. Lakini wewe hujawahi kuniruka, hata ulipougua. Jumapili ile ya baharini imepita zamani. Leo nimetia chumvi mara mbili kwenye chungu kimoja na hakuna aliyesema neno, ndipo nikajua uso wangu umeonekana.

Niandikie mstari mmoja tu. "Mzima." Inatosha.

Mdogo wako.


Tarehe 29 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Kazi ya sare imekwisha, wameridhika, ingawa mwalimu mkuu kalalamikia vifungo. Shemeji yako kaumia kidogo kwenye ugoko, alikatwa na jiwe, kidonda kinapona. Jirani wa chini kapaka ukuta wake rangi ya kijani, sasa ngazi yote inang'aa kama dawa ya meno. Mvua kidogo.

Baharini tulikwenda. Upepo ulikuwa mkali sana, hata mtu mzima asingesikia kitu. Mtoto alimwona kaa. Tulirudi mapema. Mtoto ni mzima, anakula vizuri, kaptura ilimtosha.

Siku hizi simpeleki tena chumba cha vyerehani. Nakaa naye chumba cha nyuma, kazi za mkono nazifanyia huko.

Kaseti acha kutuma kwanza. Redio imeharibika.

Dada yako akupendaye sana.


Tarehe 25 Mei

Dada,

Sikusalimu leo. Nisamehe.

Toka utotoni hujawahi kuniandikia "akupendaye sana". Ulisema hivyo mara moja kwa mdomo, siku ile ulipokuja kunitoa darasani baba alipofariki. Sasa umeiandika chini ya barua inayozungumzia rangi ya ukuta.

Shemeji kakatwa na jiwe. Alikuwa akifanya nini juu ya mawe mtu ambaye hapendi hata kulowanisha viatu? Upepo ulikuwa mkali hata mtu asingesikia. Asingesikia nini? Nani alikuwa akiita? Umenyamaza wiki baada ya wiki, halafu unaniambia mtoto alimwona kaa. Mwanangu hatoki chumba cha nyuma. Kaseti nisitume. Dada, mtu huambiwa asitume kitu pale mpokeaji anapokuwa hayupo.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Siwezi kulala, nikifumba macho namwona majini na ile kaptura. Nimejikata kidole kwa kisu cha nyama na sikuhisi mpaka wenzangu walipopiga kelele. Nimemwomba msimamizi ruhusa, anasema hakuna lori la kwenda huko mpaka mwezi ugeuke, na hakuna mpishi mwingine. Nimefikiria kutembea.

Sitaki maneno yako. Weka mkono wa mwanangu juu ya karatasi, uuchore pembeni. Nitaujua. Kama hakuna mkono wa kuchora, tuma karatasi tupu, nielewe.


Tarehe 16 Juni

Mdogo wangu,

Kaa chini. Hajafa. Hana hata mkwaruzo. Huo mkono hapo juu ni wake, nimeuchora kwa chaki ya kukatia halafu nikapitisha kalamu. Kidole kile kimepinda kwa sababu alikuwa akicheka. Sasa soma polepole.

Tulifika maji yamekupwa, mawe yamebaki wazi mpaka mbali. Nilimshika mkono kama ulivyosema. Tulizunguka vidimbwi, akaona kaa, akapiga makofi, akataka kumla. Jua lilipokuwa kali tukarudi kwenye mchanga nifungue chakula. Shemeji yako kamkuta mtu aliyewahi kumnyoa, unamjua kwa mdomo, wakaanza soga. Nikamwachia mtoto mkono ili nitandike shuka. Shuka lilikuwa linapeperushwa na upepo, nikawa nalikandamizia mawe kwenye pembe. Pembe nne tu, mdogo wangu. Nilipoinua macho, yupo kule mbele kabisa, juu ya jiwe la mwisho, kachuchumaa anamfuata kaa. Na maji yalikuwa yanarudi.

Nilimwita. Nilikanyaga jiwe kwa kisigino, kwa mazoea, maumivu yakanipanda mpaka kwenye goti. Jiwe halitetemeki. Nikaita tena mpaka koo likakwaruzika. Shemeji yako kapiga ule mluzi wake ambao mbwa wa mtaa mzima wanaujua. Watu wote pale waligeuka. Mtu aliyekuwa akifunga baiskeli kule barabarani, mbali, aligeuka. Bobini hakugeuka. Wimbi lilipasuka nyuma ya mgongo wake kwa kishindo cha kukutoa roho, naye hata bega halikumshtuka. Alihisi maji yanapita miguuni, ndipo akayatazama.

Hapo nilijua. Sikuwaza, nilijua, kama unavyojua sindano imekuingia kidoleni kabla damu haijatoka.

Tulikimbia. Shemeji yako kateleza, kachanika ugoko, kainuka. Tulipokaribia, mtoto akainua kichwa akatuona. Akafurahi! Kaona tunamkimbilia, kacheka, kageuza mgongo, katimua mbio. Kuelekea majini. Kuna ufa pale baina ya mawe mawili, maji yanaingia na kutoka yakivuta. Alisimama ukingoni, akageuka kututazama kama tunakuja.

Nikasimama. Nilielewa kwamba nikisogea hatua moja atarudi nyuma hatua moja. Kumwita hakuna maana. Basi nikakaa chini pale pale juu ya jiwe, nikafunika uso.

Shemeji yako kanipigia kelele, "Umerogwa? Mtoto anakwenda majini!" Nikamvuta suruali. Nikamwambia, "Kaa. Funika uso. Nakuomba, kaa." Akakaa. Yule mwanaume ambaye hajawahi kunitii hata katika kuzima taa, kakaa kwenye maji damu inamtoka, kafunika uso kama mtoto.

Sijui tulikaa muda gani. Nilikuwa gizani ndani ya viganja vyangu na sisikii kitu ila maji. Kila wimbi likipiga nasema, ni hilo. Kila kiungo changu kilitaka kufunua uso, lakini nilijua akiona macho yangu mchezo unaendelea. Maji yalinifika kiunoni. Nilianza kukutaja wewe, kwa lile jina alilokupa mama, nikisema nisamehe, nisamehe, nilikuwa natandika shuka.

Kisha vidole. Vidogo, vya baridi, vina mchanga. Alinibandua kidole kimoja baada ya kingine, akachungulia ndani kama nipo.

Sikulia pale. Nililia nyumbani. Maana nyumbani nilifanya jambo moja baada ya jingine, na yote yakaniumiza. Nilimtoa kwenye mbao nikamweka kwenye saruji ya ngazi, nikapiga makofi nyuma ya kisogo chake. Hakugeuka. Nikadondosha sinia. Hakugeuka. Nikakumbuka namna anavyolala chini ya vyerehani tukamsifia. Nikakumbuka ubao unavyotetemeka ndipo anapogeuka, na sisi sote tukidhani anatusikia, kwa sababu kwenye chumba chetu hakuna anayemwita mwenzake kwa mdomo. Nyumba nyingine wangejua mapema. Sisi miguu yetu ndiyo iliyotudanganya.

Jioni nikaweka kaseti yako. Safari hii niliishika redio hewani, asiiguse. Sauti yako ilijaa chumba kizima. Wewe unamwita jina lake, naye amekaa anapanga vifungo.

Nilimpeleka kwa daktari wa masikio. Kapiga kengele, kapuliza filimbi, kamwekea mashine. Anasema hasikii, na yaelekea hakuwahi kusikia. Nilikaa kimya kwa sababu nilitaka nipate kwanza neno la kukutuliza, na kila wiki sikulipata. Ningekuandikiaje kwamba zile nyimbo zote hajawahi kuzisikia? Alikuwa akihisi spika ikimtetemekea kifuani, basi. Redio haijaharibika. Nimeifunika kitambaa.

Ndiyo hayo. Nikasirikie mimi, usimkasirikie Mungu.

Dada yako.


Tarehe 14 Julai

Dada,

Salamu kwako na kwa shemeji. Ugoko wake umepona?

Ule mkono niliujua kabla sijasoma. Nimelala nao juu ya mto, na wino umenichafua shavu, kambi nzima imeona.

Kwanza nilimshukuru Mungu mpaka magoti yakaniuma. Halafu nikakukasirikia. Siyo kwa shuka. Mimi mwenyewe ningetandika shuka. Nilikukasirikia kwa kuniacha niendelee kumzika mwanangu kila siku kwa kuwa wewe ulikuwa unatafuta maneno mazuri. Usirudie tena. Mbaya niambie mbaya, nami nitajua pa kuiweka.

Sasa nimebaki na hofu nyingine, na hii haina hata bahari ndani yake. Nilikuwa nikikaa nyuma ya stoo na redio ya watu, naimba, wachimbaji wa mitaro wakipita wananicheka, nami nasema cheka tu, mwanangu ananisikia. Nilikuwa naimba kwa nani? Uso wangu kausahau. Sauti yangu hajawahi kuwa nayo. Basi mimi ni nani kwake? Mwanamke atakayeshuka kwenye basi siku moja na kumnyakua.

Msimamizi kapata mpishi wa kunishika mkono. Nitamfundisha jiko lote, kisha wataniachia, hata kama mkataba haujaisha. Niambie unamwitaje siku hizi. Niambie ukweli.

Mdogo wako.


Tarehe 3 Agosti

Mdogo wangu,

Umenipasulia, na nilistahili. Ugoko umepona, ila kovu analionyesha kila mteja, na kila akisimulia wimbi linarefuka. Sasa limefika kwenye dari.

Tumempata mwalimu wa watoto wasiosikia, mama mmoja mnene mwenye vicheko. Anakuja kutufundisha sote kusema kwa mikono. Mafundi wangu wanajifunza haraka, maana wamezoea kuishi bila masikio. Shemeji yako ndiye wa kwanza darasani. Mdomo wake haukuwa na breki, na sasa mikono nayo haina.

Umetaka ukweli. Ukweli ni kwamba wageni anawaogopa. Akimwona mtu mpya hujificha chini ya meza ya kukatia, na akifuatwa hutoka mbio bila kuangalia. Wiki iliyopita mteja alitaka kumbeba kwa upendo tu, nusura mtoto ashuke ngazi kichwa mbele. Toka siku ile ya mawe nafunga mlango kwa komeo, na usiku naamka kugusa kama komeo lipo. Kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba atakujia.

Ila kuna jambo. Mwalimu alimfundisha ishara ya mama, kaikataa. Anaweka kiganja chake kifuani, hivi, kimebanwa. Nilidhani anataka redio. Nikaifunua kitambaa nikampa, akaisukuma. Akanishika kidole, akanivuta mpaka ukutani, akanyoosha mkono kwenye picha yako, halafu akaweka kiganja kifuani.

Nilimuuliza mwalimu ni nini. Akasema, "Hilo ni jina. Kajitungia mwenyewe." Ndivyo anavyokuita wewe.

Picha si mtu, na sijui kama akikuona umesimama atakujua. Lakini uliniambia nisifiche, basi na hili silifichi.

Dada yako, mwenye komeo.


Tarehe 22 Agosti

Dada yangu,

Mpishi mpya anajua kila kitu isipokuwa dereva wa tingatinga, na huyo atajifunza mwenyewe. Wamenipa ruhusa. Huenda nikafika siku moja tu baada ya barua hii, maana barua na mimi tumo ndani ya lori moja mpaka mjini, kisha yenyewe inatangulia na mimi nangoja basi. Nitashuka pale pa siku zote, upande ule ule wa nyumba yenu.

Njia nzima nimekuwa nikiweka kiganja kifuani nijue anahisi nini. Unahisi moyo tu. Wangu sasa hivi unakwenda mbio, hautamsaidia mtu.

Dada, naogopa. Najijua. Nikimwona tu nitataka kumkimbilia, na nikimkimbilia atakimbia, na ile barabara ina magari. Kwa hiyo nimekwishaamua. Nikishuka sitasogea. Nitatua sanduku langu pale kando ya ukuta. Nitaweka kiganja kifuani mpaka nione ameniona. Halafu nitakaa chini na kufunika uso.

Mteremsheni mtoto, kisha wewe na shemeji simameni upande wa barabara, mzibe njia. Usimsukume mgongoni. Usimwonyeshe mimi ni nani. Na mimi usiniite, hata ukiona nimekaa muda mrefu, hata watu wa basi wakianza kuuliza yule mama ana nini. Asipokuja siku hiyo, mtamrudisha juu, nami nitakaa pale pale kesho yake.

Nitakuwa gizani kama wewe pale kwenye mawe, sisikii ila magari. Nitangoja vidole.

Mdogo wako.